Je, ni kweli yupo mnyoo asiye na kinywa anayeishi miaka mia tatu?

*Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Kongwa na familia yangu. Tuna ng'ombe wachache na mtambo mdogo wa biogesi. Binti yangu wa kidato cha tatu amerudi kutoka shuleni na habari kwamba kwenye kina cha bahari kuna mnyoo asiye na kinywa wala tumbo, anayekula gesi yenye sumu, asiyehitaji jua, na anayeishi zaidi ya miaka 300. Baba yake anasema hizo ni hadithi za mtandaoni, kwa kuwa hakuna mtu aliyeishi miaka 300 akamshuhudia. Wasiwasi wangu mimi ni mwingine. Mdogo wake wa darasa la tatu alipewa dawa ya minyoo shuleni, na baada ya miezi minne nikaona tena mnyoo kwenye choo chake, mweupe, mrefu kama kalamu. Ikiwa yupo mnyoo anayekula bila kinywa na kuishi karne tatu, je, huyu wa tumboni mwa mwanangu hawezi kuwa wa namna hiyo, ndiyo maana dawa haimmalizi? Na je, wapo katika bahari yetu?*

Marahaba, mama. Nitaanza na mtoto, kwa sababu naona ndiye anayekunyima usingizi, halafu ndipo tushuke baharini.

Mnyoo uliyemwona baada ya miezi minne inaelekea hakuwa yule aliyenusurika na dawa. Kwa maelezo yako, yaelekea ni chango, na chango aliyekomaa huishi mwaka mmoja hivi, pengine miwili, kisha hufa mwenyewe hata bila dawa. Vidonge vinavyotolewa shuleni huwaua walio tumboni siku ile. Havimwekei mtoto kinga ya kesho. Mayai ya chango hukaa kwenye udongo kwa muda mrefu yakisubiri, na mtoto akicheza chini na kula bila kunawa, au akila tunda lisilooshwa, humeza mengine. Tangu yai limezwe hadi mnyoo akomae hupita miezi miwili hadi mitatu. Basi miezi minne yako inatosha kabisa kuleta kizazi kipya. Inaelekea dawa ilifanya kazi yake. Kilichobaki ni uani na mikononi.

Hofu yako, hata hivyo, ina chanzo kinachoeleweka, nacho ni neno lenyewe. Kiswahili humwita "mnyoo" karibu kila kiumbe kirefu, laini, kisicho na miguu, ilhali viumbe hao hawana udugu wa karibu. Chango na safura ni wa ukoo mmoja, tegu ni wa ukoo mwingine kabisa, na nyungunyungu anayegeuza udongo wa shamba lako baada ya mvua za Desemba ni wa ukoo wa tatu, wenye mwili wa pingili. Huyo mnyoo wa baharini aliyesimuliwa na binti yako ni ndugu wa nyungunyungu. Haingii mwilini mwa mtu, haambukizi, na ukimtoa kwenye giza na shinikizo la maji ya kina alikozaliwa, hana maisha.

Hapa sina budi kukiri jambo moja kabla binti yako hajalivumbua mwenyewe: mnyoo asiye na kinywa hatuhitaji kumfuata baharini, kwani tegu naye hana kinywa wala utumbo, na hufyonza kwa ngozi chakula ambacho mwenyeji wake amekwisha kukisaga. Lakini tegu anakula mezani kwa mtu. Mnyoo wa baharini hana mtu wa kumnyonya. Analisha wapishi wake mwenyewe ndani ya mwili, na hapo ndipo habari yake inapokuwa ya ajabu.

Sasa tushuke. Wataalamu humwita mnyoo wa mrija, kwa kuwa hujijengea mrija mgumu wa kitini, kitu kilekile kinachofanya ganda la panzi kuwa gumu, pamoja na protini, na huishi ndani yake maisha yake yote. Niliwahi kushika kipande cha mrija mkavu nilipokuwa masomoni. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotarajia, rangi ya kahawia iliyofifia, chembamba kuliko kidole changu kidogo, na kilipokunjwa kilipinda kama ukindu kabla ya kukataa. Ncha ya juu ya mnyoo hutokeza shungi jekundu, ambalo hurudi ndani ya mrija linapoguswa. Wekundu huo ni wa hemoglobini, kama wekundu wa damu yetu.

Wa kwanza waliotangaa walionekana mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos, kwenye kina cha takriban mita 2,500, wakiwa wamezunguka matundu yanayotoa maji moto kutoka chini ya sakafu ya bahari. Hao ni wakubwa na wenye haraka: wamepimwa wakirefuka kwa sentimita 85 au zaidi kwa mwaka. Wengi wakisikia "mnyoo wa mrija" huwafikiria hao, na mchanganyiko huu ndio unaomfanya mtu aone kuwa habari haziafikiani. Wale wa maisha marefu ni jamaa zao wa mahali pengine, ambako hakuna moto. Mwaka 1984 wanasayansi waliozama kwa nyambizi ndogo katika Ghuba ya Meksiko, upande wa Florida, kwenye kina cha zaidi ya mita 3,000, walikuta jamii nzima ya viumbe pahali ambapo maji yenye kemikali huvuja polepole kutoka kwenye sakafu. Pahali pa namna hiyo huitwa vujio baridi. Usidhani panagandisha: panaitwa baridi kwa sababu tu maji yake yana ubaridi uleule wa bahari inayoyazunguka, tofauti na matundu ya maji moto.

Kinachotokea kwenye vujio baridi unacho nyumbani kwako kwa mfano mdogo. Mtambo wako wa biogesi unapewa samadi na maji, unafungwa hewa isiingie, na ndani yake vijidudu visivyotaka oksijeni vinavunjavunja samadi ile na kutoa methani, ambayo ndiyo inayowaka buluu jikoni. Pamoja nayo hutoka gesi kidogo yenye harufu ya yai viza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi. Chini ya Ghuba ya Meksiko kuna mabaki ya viumbe vya kale yaliyofukiwa kwa mamilioni ya miaka, na kutoka humo mafuta na methani hupanda kupitia nyufa hadi kwenye tope la juu. Ndani ya tope hilo wako vijidudu wengine wanaoichoma methani bila oksijeni, kwa kutumia salfeti iliyomo katika maji ya chumvi, na masazo ya kazi yao ni ile salfaidi yenye harufu. Kwa hiyo mnyoo wetu hali methani, ingawa watu wengi huandika hivyo. Anachohitaji ni salfaidi, yaani kile kinachokera pua yako mtambo unapovuja.

Wala si yeye anayeila. Mnyoo aliyekomaa hana kinywa, hana utumbo, hana njia ya haja kubwa. Pahali ambapo sisi tungekuwa na tumbo, yeye ana kiungo laini kilichojaa bakteria kwa mabilioni. Colleen Cavanaugh, aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, alichapisha mwaka 1981 pamoja na wenzake ushahidi kwamba bakteria hao ndio wapishi. Mnyoo huwaletea salfaidi, oksijeni na kabonidayoksaidi kwa njia ya damu. Bakteria huiunguza salfaidi kwa oksijeni, hupata nguvu, na kwa nguvu hiyo hutengeneza chakula kutokana na kaboni, kama jani la mhindi linavyofanya kwa nguvu ya mwanga. Mnyoo hula sehemu ya chakula hicho, na bakteria wenyewe pia huwameng'enya. Mtoto wa mnyoo huanza maisha bila wapishi, akielea majini akiwa mdogo sana. Kwa wale wa maji moto imeonekana kwamba bakteria humwingia kupitia ngozi baada ya kutua, na njia yake ya chakula hutoweka kadiri kiungo cha bakteria kinavyokua.

Utauliza, na ni haki yako: salfaidi ni sumu, mbona haimwui? Kwetu sisi gesi hiyo huzuia seli kutumia oksijeni, na mtu hukosa pumzi huku hewa ipo. Hemoglobini ya mnyoo huyu imeumbwa tofauti na yetu. Ina mahali pa kuibeba oksijeni na mahali pengine pa kuishika salfaidi, kwa wakati mmoja, ikaishika barabara kiasi kwamba haipati nafasi ya kudhuru hadi ifikishwe kwa bakteria. Naona hili ndilo la kustaajabisha kuliko umri wake, ingawa magazeti hupenda umri.

Lakini kwenye vujio baridi kulikuwa na kitendawili. Shungi la mnyoo huelea juu kwenye maji safi, mbali na tope, na watafiti walipopima maji yanayolizunguka hawakukuta salfaidi ya kutosha, mara nyingine hawakukuta kabisa. Jibu lilikuwa upande wa pili. Sehemu ya nyuma ya mnyoo huyu hurefuka ikazama topeni, nyembamba, yenye ngozi ya mrija laini unaopenyeza, mithili ya mzizi, na mwaka 2001 ilithibitishwa kwamba salfaidi huingia kwa njia hiyo. Juu anavuta oksijeni, chini anavuta salfaidi. Mwaka 2005 watafiti wakaongeza, kwa hesabu za kielelezo, kwamba huenda mnyoo hurudisha salfeti topeni kupitia mizizi ileile, na hivyo kuwapa wale vijidudu wa tope malighafi ya kutengeneza salfaidi mpya. Ikiwa ni hivyo, analima shamba lake mwenyewe.

Kuhusu jua, binti yako yuko karibu na ukweli lakini hajaufikia. Mnyoo haoni mwanga hata siku moja, na nguvu anayoishi kwayo haitoki kwenye mwanga moja kwa moja. Hata hivyo oksijeni anayoivuta kwa shungi ilitengenezwa na mimea na mwani ulioota kwenye mwanga, kisha ikazama na maji baridi hadi kule chini. Na methani ya Ghuba ya Meksiko inatokana na viumbe vilivyofukiwa zamani, ambavyo navyo vililelewa na jua la enzi hizo. Ukiondoa jua leo, yeye atakuwa miongoni mwa wa mwisho kujua, lakini atajua.

Nije kwa baba, ambaye hoja yake ninaiheshimu: nani alimshuhudia? Hakuna. Na hata mbuyu wa njiani, hakuna aliyekaa chini yake tangu ulipochipua, lakini tunakadiria umri wake kwa kupima kaboni iliyomo katika mti wenyewe. Kwa mnyoo walitumia njia nyepesi zaidi kuieleza, na wewe unaijua. Umewahi kupaka hina kucha zako. Baada ya majuma matatu hina imesogea mbele, na chini yake pametokea ukanda usio na rangi. Ukiupima ukanda huo unajua kucha imekua kiasi gani tangu siku ya kupaka. Watafiti walishuka na nyambizi, wakaifunika minyoo kwa chombo, wakawamwagia rangi ya buluu isiyowadhuru, wakaondoka. Mwaka uliofuata walirudi, wakawakusanya, na wakakuta juu ya sehemu ya buluu kipande kipya cha mrija kisicho na rangi. Tofauti na kucha ni kwamba mrija hukua kwa juu.

Walichokiona ni kwamba wadogo hurefuka kwa sentimita kadhaa kwa mwaka, lakini wakubwa, waliofikia mita moja na zaidi, hurefuka kwa chini ya sentimita moja, na baadhi karibu hawaongezeki. Kucha yako, kwa kulinganisha, hukua zaidi ya sentimita tatu kwa mwaka. Kisha wakafanya hesabu ya kurudi nyuma: ikiwa mnyoo wa urefu huu hukua kwa kasi hii, na wa urefu ule kwa kasi ile, imemchukua miaka mingapi kutoka sifuri hadi mita mbili? Mwaka 2000 jibu lililochapishwa kwa aina iitwayo Lamellibrachia luymesi lilikuwa kati ya miaka 170 na 250. Mwaka 2017 watafiti wengine walitumia njia hiyohiyo kwa aina ya kina zaidi, Escarpia laminata, wakapata kwamba baadhi yao wamepita miaka 300.

Ili baba apime uzito wa jambo hili: mnyoo wa umri huo alitua kwenye mwamba wake katika siku ambazo Wareno na Waomani walikuwa bado wakigombea Ngome ya Yesu pale Mombasa. Na tangu Dodoma ilipotangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, mzee huyo hajaongezeka hata nusu mita.

Lakini nisimnyang'anye baba haki yake yote. Miaka 300 ni makadirio yaliyotokana na hesabu, si cheti cha kuzaliwa. Vipimo ni vya mwaka mmoja au michache, na hesabu inachukulia kwamba ukuaji wa zamani ulifanana na wa leo. Mnyoo aliyepata salfaidi nyingi ujanani angeweza kukua haraka kuliko ilivyodhaniwa, na aliyekosa angeweza kuwa mzee kuliko ilivyoandikwa. Ndiyo maana makala ya mwaka 2000 ilitoa mipaka miwili badala ya namba moja. Mtu akimwambia binti yako "miaka 300 kamili", amkatalie kwa adabu. Akisema "inakadiriwa kupita 300 kwa baadhi yao", amkubalie. Vilevile si kweli kwamba huyu ndiye mnyama wa umri mkubwa kuliko wote: kome mmoja wa bahari ya Iceland alihesabiwa mistari ya ganda lake akakutwa na miaka 507, na wako matumbawe ya kina yenye maelfu ya miaka.

Kwa nini aishi muda wote huo wakati jamaa yake wa maji moto ana haraka? Tazama makazi yao. Tundu la maji moto linaweza kuziba au kufunikwa na volkano ndani ya miaka michache, kwa hiyo anayeishi pale hana budi kukua upesi, kuzaa upesi na kutawanya watoto kabla nyumba haijazimika. Vujio baridi huvuja polepole kwa karne nyingi, maadui ni wachache, na mzee aliyekwisha kuzamisha mizizi ana nafasi kubwa ya kuuona mwaka ujao. Asiyekufa mapema haoni sababu ya kukimbilia. Kuna jambo jingine pia. Vijidudu wa tope, katika kazi yao, husababisha mwamba wa chokaa uundike, na watoto wa minyoo huhitaji mwamba huo ili wapate pa kushika. Lakini mwamba ukizidi kufunika, vujio la juu hupungua, na watoto wapya hawapati tena kianzio. Hivyo kichaka cha kale huwa ni wazee watupu, ambao mizizi yao bado inafikia kile kilichobaki chini.

Kuhusu bahari yetu: Tanzania ina gesi, ya Songo Songo na Mnazi Bay, na tangu 2010 imegunduliwa pia kwenye maji ya kina kirefu cha kusini. Hilo peke yake halimleti mnyoo huyu. Gesi iliyofungiwa chini ya miamba haimlishi mtu. Anahitaji ile inayovuja hadi kwenye tope la juu, kwa miaka mingi, pahali penye mwamba wa kushika. Minyoo wa mrija wote niliowataja hapa kwa umri wao walipimwa Ghuba ya Meksiko, na binti yako akiandika hivyo kwenye daftari lake hatakosea.

Sasa turudi nyumbani, kwa mambo mawili ambayo hayafai kumalizwa kwa barua. La kwanza ni mtoto. Mpeleke kituo cha afya wapime choo chake, wajue ni mnyoo gani kabla ya dawa, kwa sababu dawa ya chango si lazima imtoshe tegu. Ukiona vipande bapa vyeupe kama utepe, sema hivyo kwa mganga, kwa maana hiyo ni dalili ya tegu. Tumbo likivimba na kuuma sana huku akitapika, au akipata degedege, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na usimnunulie dawa dukani kwa kukisia uzito wake.

La pili ni mtambo wa biogesi, kwa kuwa nimeutumia kama mfano na sitaki mfano wangu umshawishi mwanafunzi kwenda kuuchungulia. Salfaidi ikiwa kidogo hunuka; ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani imekwisha. Mtu yeyote asiingie ndani ya shimo lile, hata likiwa limekaa tupu kwa siku, na aliyeanguka humo asifuatwe na mwingine kwa mikono mitupu. Mwite fundi aliyekujengea.

Binti akitaka jaribio la kuonyesha darasani, apake hina ukucha mmoja wa kidole gumba, aandike tarehe, na kila Jumamosi apime kwa rula ukanda mweupe uliotokea. Baada ya muhula mmoja atakuwa na namba za kutosha kukadiria ukucha wake wote ulichukua muda gani kukua, na kumweleza baba yake, kwa namba zake mwenyewe, jinsi mtu anavyoweza kuujua umri wa kitu ambacho hakukishuhudia kikianza.